Mpangaji katika Nchi ya Baba Zake



Yeyote aliyewahi kupanga chumba mjini Karatu anazijua kanuni za upangaji, hata kama hajawahi kufungua kitabu cha sheria. Mpangaji hutoa kodi. Mwenye nyumba hutoa chumba kisichovuja, choo, maji na njia ya kupita. Na akikihitaji chumba chake hutoa ilani ya kutosha, ili mwenzake apate pa kuhamia. Wakikosana, hutafutwa mtu wa tatu awasuluhishe. Mwenye nyumba anayeng'oa mlango ili mpangaji aondoke "kwa hiari yake" hulaumiwa na mtaa mzima, wala hakuna atakayeamini kwamba mpangaji yule aliondoka kwa kupenda.

Tumeanza na mfano huu mdogo kwa sababu jambo tunalotaka kulisema ni kubwa, nalo limefunikwa kwa maneno mengi. Tupande juu kutoka Karatu, tupite lango la Lodoare, tuwafikie ndugu zetu wa Endulen, Kakesio, Olbalbal, Nainokanoka na Nayobi. Huko wanaishi Watanzania waliozaliwa hapo, wakazikwa hapo wazee wao, na ambao katika maisha yao ya kila siku wamefanywa wapangaji. Anayetaka kujenga nyumba ya kudumu lazima aombe kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Anayetaka kulima bustani ya mboga hana ruhusa. Mpangishaji wao ndiye mlinzi, ndiye mtoa vibali, ndiye mpokea mapato ya watalii, na ndiye anayesikiliza malalamiko dhidi yake mwenyewe. Kanuni za upangaji zinazomlinda hata mwenye chumba kimoja pale Karatu, wao hawana.

Swali letu ni hili: Je, ni haki mtu kuwa mpangaji katika nchi ya baba zake? Na kama ameshafanywa mpangaji, ni wapi zilipo haki za mpangaji?

Ahadi ya mwaka 1959

Hatuwezi kuyaelewa ya leo tusipoyakumbuka ya jana. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliweka alama zao katika makubaliano ya kuiacha Serengeti ya magharibi, ili iwe hifadhi ya taifa isiyokaliwa na watu. Mwaka uliofuata, 1959, sheria ya kikoloni ikaanzisha Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 8,292 kwa hesabu ya leo. Hapo palikusudiwa pawe mahali pa namna ya pekee: binadamu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Gavana Turnbull alisimama mbele ya Baraza la Wamaasai mwaka huohuo akawahakikishia kwamba ikitokea maslahi ya wanyama yakagongana na ya wakazi, ya wakazi ndiyo yatakayotangulizwa.

Tuone jinsi ahadi hiyo ilivyotunzwa. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa kwa nguvu. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa, kilimo kikapigwa marufuku eneo lote. Mwaka 1992 kilimo kidogo cha kujikimu kiliruhusiwa, kwa sababu njaa ilikuwa imeonekana kwa macho. Mwaka 2009 marufuku yakarudi. Mwishoni mwa mwaka 2016 mifugo ikazuiwa kuingia katika kreta za Ngorongoro, Olmoti na Empakaai, penye maji na chumvi. Kila hatua ilipotazamwa peke yake ilionekana ndogo na ilikuwa na sababu yake. Zikijumlishwa, zinatoa picha ya nyumba ambayo mwenyewe anaondoa leo dirisha, kesho paa, keshokutwa mlango, huku akishangaa kwa nini mpangaji analalamika.

Aprili 2021 zilitolewa ilani zikiwataka baadhi ya wakazi waondoke, na majengo yaliyodaiwa kujengwa bila kibali yabomolewe, katika muda wa siku 30. Miongoni mwa majengo yaliyohesabiwa kuwa hayana kibali yalikuwamo ya huduma za umma, kama shule na zahanati. Baada ya kilio cha wananchi ilani hizo zilisitishwa. Lakini aliyekwisha kupokea karatasi ya kumpa siku 30 halali tena usingizi uleule, hata karatasi ikifutwa.

Nyumba za Msomera

Juni 2022 msafara wa kwanza wa familia uliondoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, safari ya mamia ya kilomita. Serikali ilijenga huko nyumba za vyumba vitatu, kila moja katika kiwanja cha ekari mbili na nusu, na kila kaya ikaahidiwa shamba la ekari tano pamoja na fidia ya fedha. Baada ya nyumba za awamu ya kwanza zilipangwa nyingine 5,000, ambazo kazi ya kuzijenga ilikabidhiwa Jeshi la Kujenga Taifa: 2,500 hapo Msomera, 1,500 Saunyi katika wilaya ya Kilindi, na 1,000 Kitwai katika wilaya ya Simanjiro.

Tuseme kweli bila upendeleo. Nyumba ya matofali na bati, yenye barabara, shule na zahanati karibu, ni kitu chema. Wapo waliohama kwa kupenda, na hatuna ruhusa ya kuwadharau wala kuwaita wasaliti. Wapo mafukara wa mifugo ambao kwao ekari tano za kulima bila woga ni neema. Kama Serikali ya nchi maskini inaweza kujenga maelfu ya nyumba kwa wananchi wake wa vijijini, sisi wa Haki na Amani tunapaswa kuwa wa kwanza kupiga makofi. Mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka mzima kuhusu wasio na makao, ikafundisha kwamba makao ni haki ya kila mtu na kila familia.

Lakini kwa kuwa makao ni haki, hayawezi kuwa bei ya kununulia haki nyingine. Hapo ndipo penye ugomvi wetu. Raia anastahili nyumba bora akiwa Endulen sawasawa na anavyoistahili akiwa Msomera. Ikiwa fedha za kujenga zipo, matofali yapo na mafundi wapo, kwa nini nyumba hiyo ipatikane kwa sharti moja tu, yaani kwamba mtu aondoke? Nyumba inayotolewa kwa sharti la kuiacha nchi yako haistahili kuitwa huduma ya makazi. Hiyo ni biashara, na katika biashara hiyo upande mmoja ndio unaopanga bei.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa uungwana: alimwahidi Nabothi shamba la mizabibu lililo bora kuliko la kwake, au, kama akipenda, thamani yake kwa fedha. Ofa ile, kwa macho ya soko, ilikuwa nzuri. Nabothi aliikataa kwa neno moja: urithi wa baba zake hauuzwi. Hatusemi kwamba viongozi wetu ni akina Ahabu; la hasha, wala damu ya Nabothi hatuiweki mikononi mwa mtu. Tunachosema ni kwamba Neno la Mungu linamtambua mtu mwenye haki ya kusema hapana mbele ya ofa nzuri, na linatuonya juu ya yale yanayofuata pale ambapo mwenye nguvu hawezi kuvumilia kusikia hapana.

Hiari hupimwa wapi?

Serikali imesema tangu mwanzo kwamba uhamaji huu ni wa hiari. Neno hilo ni zuri, nasi tunalishika. Ila hiari haipimwi kwa kumtazama anayepanda basi akipiga makofi. Hupimwa kwa kumtazama anayebaki. Kama anayebaki ana maji, dawa, shule na sauti kama Mtanzania mwingine yeyote, basi anayeondoka ameondoka kwa hiari. Kama anayebaki amenyang'anywa hayo, basi anayeondoka amefukuzwa, hata kama alitia sahihi mwenyewe.

Sasa tutazame waliobaki. Mwaka 2022, miezi michache kabla ya msafara wa kwanza, zaidi ya shilingi milioni 355 zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya huduma za jamii katika wilaya ya Ngorongoro zilielekezwa zihamishiwe Handeni. Hospitali ya Endulen, ambayo Kanisa liliijenga na kuiendesha kwa miaka mingi kwa ajili ya wote, Wakristo na wasio Wakristo, iliona huduma zake zikipungua. Julai 2024 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ndefu kuhusu uhamishaji huu, ikieleza jinsi huduma za afya na elimu zilivyofinywa ndani ya hifadhi. Mtu anaweza kubishana na taarifa ya wageni. Lakini mama aliyebebwa kwenye pikipiki usiku kutafuta daktari hahitaji kuisoma.

Kisha ikaja Agosti 2024. Kwa tangazo la Serikali, kata 11 na vijiji 25 vya tarafa ya Ngorongoro vilifutwa katika orodha ya maeneo ya utawala. Wananchi walikuwa pia wakilalamika kwamba majina yao ya wapiga kura yamepelekwa Msomera, mahali ambapo hawakuwa wamehamia. Fikirini maana yake: mtu amelala nyumbani kwake akaamka hana kijiji, hana mwenyekiti, hana mahali pa kupigia kura. Kuanzia tarehe 18 Agosti maelfu ya wake kwa waume walitoka wakakaa barabarani, kwenye njia ya watalii iendayo Serengeti, kwa siku kadhaa, mikononi wakiwa na majani na fimbo za kuchungia. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo lile. Siku iliyofuata Waziri William Lukuvi alifika akawaambia wananchi kwamba vijiji vyao vitabaki na huduma zitarudi.

Tunamshukuru Mungu kwamba siku zile ziliisha bila maafa makubwa. Tunakiri pia kwamba Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii hiyo Arusha mwanzoni mwa Desemba 2024, na kwamba Februari 2025 alizindua tume mbili: moja ya masuala ya ardhi, chini ya Jaji Gerald Ndika, na nyingine ya kutazama zoezi la kuhama, chini ya Mhandisi Musa Iyombe. Hizo ni hatua njema. Ila tujiulize: ilikuwaje mpaka watu walazimike kukaa barabarani ndipo wasikilizwe? Mpangaji wa Karatu akidhulumiwa ana pa kwenda. Wa Ngorongoro alikwenda barabarani kwa sababu ofisi aliyopaswa kwenda kushtakia ndiyo iliyomwandikia ilani.

Nyumba ya mama

Lipo jambo moja ambalo katika mabishano haya halikutajwa vya kutosha, nasi tunaliweka mbele ya WAWATA na akina mama wote. Katika desturi ya Kimaasai, anayejenga nyumba ni mwanamke. Yeye ndiye anayekata miti, anayesuka kuta, anayekandika kwa udongo na samadi, na nyumba ile ni yake. Mume mwenye wake watatu hana nyumba yake mwenyewe. Ana nyumba tatu za wake zake, na kila mke hutawala katika ya kwake, hulala humo na watoto wake, hupokea humo wageni wake. Kanisa lina mafundisho yake kuhusu ndoa ya wake wengi, nasi hatuyapunguzi. Lakini mafundisho hayo hayajawahi kutuamuru kumvua mwanamke paa lililo lake.

Nyumba inayojengwa na askari, ikagawiwa kwa jina la mkuu wa kaya, inaweza kumnyima mwanamke kitu ambacho ukoloni haukumnyima. Mke wa pili ataandikwa wapi? Mjane je? Binti aliyeachika akarudi kwa mama yake atalala chumba gani kati ya vile vitatu? Baba akiiuza nyumba ile, au akafa ndugu wakaja, nani atamtetea mama? Haya si maswali ya siasa, ni maswali ya usiku wa leo.

Sheria ya nchi haiko kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kuimiliki na kuitumia ardhi. Na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huohuo, inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Hivyo kila hati inayotolewa Msomera, Kitwai au Saunyi haina budi kuonyesha majina ya wake, si ya mume peke yake; na kila mke aliyekuwa na nyumba yake Ngorongoro ahesabiwe kuwa amepoteza nyumba, si kuwa amepoteza nafasi katika nyumba ya mwingine.

Tusiwasahau waliokuwapo Msomera

Msomera halikuwa pori tupu. Palikuwa na watu, na wengine wao ni wafugaji. Mgeni anapoletewa kiwanja juu ya malisho ya mwenyeji, maskini wawili wanawekwa uso kwa uso, na aliyewapanga hivyo anakaa mbali. Nani asiyejua historia ya jirani zetu Wadatoga kule Hanang? Tangu miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya shirika la umma, kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho yao bora na kugusa hata makaburi ya wazee wao. Nchi ilihitaji mkate, na hilo lilikuwa kweli. Lakini gharama ya mkate ule ililipwa na watu wachache waliokuwa hawakuulizwa. Leo wengi wao wamesambaa huku na huko, wengine wamefika hadi ukingo wa Ziwa Eyasi, na popote wafikapo huitwa wavamizi. Tukitengeneza Hanang nyingine huko Handeni, hatutaweza kusema hatukujua.

Hoja ya uhifadhi

Wenye maoni tofauti na yetu wana hoja nzito, na haitakuwa haki kuificha. Wanasema mwaka 1959 wakazi walikuwa kama 8,000, na leo kwa hesabu za Serikali wamepita 100,000. Kwamba malisho hayakuongezeka. Kwamba Ngorongoro ni urithi wa dunia tangu mwaka 1979, na mapato yake yanalisha taifa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kuvitunza viumbe vyote. Hatuna ugomvi na faru, wala hatutaki kreta igeuke uwanja wa matofali.

Lakini waraka uleule unasema kwamba jamii za asili zinapobaki katika ardhi yao ndizo huitunza vizuri zaidi, na kwamba kwao ardhi haiwezi kuwa bidhaa. Wanyama wale hawakukutwa Ngorongoro kwa bahati. Walikutwa hapo kwa sababu watu waliokaa nao kwa vizazi vingi hawakuwala. Ongezeko la watu ni tatizo la kweli, na dawa yake ni mashauriano: mipango ya matumizi ya ardhi inayotungwa na wanavijiji wenyewe, shule nzuri zinazowafungulia vijana kazi nyingine, sehemu ya mapato ya watalii inayoonekana kwa macho kijijini. Na tena, yapo mahoteli ya kifahari kwenye ukingo wa kreta yanayotumia maji ya mlima uleule. Ikiwa hifadhi inaweza kuvumilia kitanda cha mgeni anayelala usiku mmoja, itakuwaje ishindwe na kitanda cha mtoto aliyezaliwa hapo?

Nasi wa Karatu tujichunguze

Ni rahisi kunyoosha kidole kuelekea mlimani. Lakini wanaotoka mlimani wengi hawaendi Msomera, wanateremka kwetu. Vijana wa kazi za ulinzi, wasichana wa kazi za ndani, wahudumu wa hoteli na wapishi wa makambi ya watalii, wote wanapanga vyumba katika mitaa yetu ya Karatu, na wengi wa wenye vyumba hivyo ni waamini wanaokaa viti vya mbele kanisani.

Je, tunawapangisha kwa haki? Hapo zamani Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya kusikiliza wapangaji na mipaka ya kupandisha kodi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo soko ndilo hakimu. Serikali nayo, kuanzia mwaka 2002, iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Watumishi waliofuata wakakuta nyumba ya kazini imekuwa mali ya mtu. Hivyo mwalimu mpya na muuguzi mpya nao wamekuwa wapangaji wetu. Na sisi tunadai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo kutoka kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, tena katika mji ambao kazi zake hupungua msimu wa mvua watalii wanapokosekana. Mkataba hatuandiki. Choo kimoja kwa vyumba kumi. Msichana akipata mimba tunamwambia atafute pengine. Nabii Isaya aliwalaani wanaoongeza nyumba juu ya nyumba mpaka wengine wakakosa nafasi. Hakuwa akisema na Serikali peke yake.

Halmashauri ya Wilaya nayo ina wajibu. Kupima viwanja ni kazi njema, lakini viwanja vinavyopimwa kwa bei ya mwenye hoteli havimsaidii mfua nguo wa hoteli. Tunawaomba madiwani wetu, ambao wengi tumesali nao, waweke katika mipango yao nyumba za watumishi wa vijijini na viwanja vya bei nafuu kwa wenye kipato kidogo, na dawati moja ambapo mpangaji anaweza kupata ushauri bila kulipa. Baraza la Kata kwa sasa kazi yake ni kusuluhisha tu, maana uwezo wa kuhukumu migogoro ya ardhi uliondolewa mwaka 2021. Na si kila mtu anaweza kumudu kulifikia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Pengo hilo Kamati zetu za Haki na Amani zinaweza kulijaza kwa kiasi fulani: kuandika mikataba, kushuhudia malipo, kumsindikiza mjane asiyejua kusoma.

Tunachokidai

Tunadai mambo matano, nayo tunayadai kwa heshima na bila woga.

Kwanza, huduma za afya, elimu na maji katika tarafa ya Ngorongoro zirudishwe zote, na zisitumike tena kamwe kama kamba ya kumvuta mtu aondoke.

Pili, kibali cha kujenga na kukarabati nyumba, choo na darasa kisitolewe na chombo kilekile kinachotaka watu wapungue. Pawe na chombo cha rufaa chenye wajumbe waliochaguliwa na wanavijiji.

Tatu, waliohamia Msomera na kwingineko wapewe hati zenye majina ya wake kwa waume, na ahadi zote zilizoandikwa zitimizwe, kwa maana ahadi iliyomhamisha mtu ni deni. Mashauri ya wenyeji waliowakuta yasikilizwe kwa uzito uleule.

Nne, mapendekezo ya tume zote mbili yasomwe katika mikutano ya vijiji, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, na wananchi wapewe muda wa kuyajibu kabla ya hatua yoyote.

Tano, atakayebaki asiitwe adui wa nchi, na atakayeondoka asiitwe msaliti wa kabila. Katiba yetu inampa kila raia uhuru wa kuishi mahali popote katika Jamhuri, na uhuru huo una pande mbili: wa kwenda na wa kukaa.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

Someni pamoja 1 Wafalme 21:1-19, kisha mjadiliane:

1. Nabothi alipewa ofa nzuri akaikataa. Kwa nini Biblia haimwiti mkaidi?

2. Katika jumuiya yetu, nani wamepanga vyumba? Tunajua wanalipa kiasi gani, na kwa masharti gani? Wenye nyumba wako tayari kuandika mkataba?

3. Je, kuna familia iliyoteremka kutoka Ngorongoro ambayo hatujaitembelea? Nani atakwenda juma hili?

4. Mama akifiwa na mumewe leo, ni karatasi gani inayoonyesha kwamba nyumba ni yake? Jumuiya ifanye nini ili karatasi hiyo ipatikane kabla ya msiba, wala si baada yake?

Mwana wa Mungu alizaliwa katika zizi kwa kuwa nyumba ya wageni haikuwa na nafasi, na kabla hajajua kutembea alikuwa mkimbizi Misri. Tutakapoulizwa siku ile, hatutaulizwa tulikuwa na maoni gani juu ya uhifadhi. Tutaulizwa tulimkaribisha, au tulimpa siku 30.